Mtutu Mmoja, Risasi Moja

Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa ya mtutu mmoja, geji 16 (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu), yenye nyundo ya nje na kitako kilichokuwa kimepasuka kikaungwa kwa skrubu mbili. Alinipa rafiki wa marehemu baba, mtu mzima ambaye nyumbani tulimwita Mzee tu, bila kuongeza jina. Alinipa kwa sharti moja: nisiwinde ndege wala sungura mpaka nimetoboa karatasi kumi. Nilikuwa na miaka 15. Niliitikia "Sawa, Mzee," huku moyoni nikijua kwamba karatasi kumi nitazimaliza asubuhi moja.

Zilinichukua mwezi mzima. Kila karatasi ilikuwa pana kama mlango, imebandikwa kwenye fremu ya mbao. Unahesabu hatua 40, unageuka, unalenga katikati, unafyatua. Kisha unarudi kwenye karatasi, unatafuta mahali palipotobolewa zaidi, unachora duara la upana wa sentimita 76 kwa kamba na penseli, halafu unahesabu tundu moja baada ya jingine, na kila ulilolihesabu unalitia alama ili usilirudie. Risasi ya gramu 28 yenye marisau namba 6 ya kipimo cha Marekani hubeba punje 225 hivi. Mtutu uliobanwa mdomoni kwa mbano kamili, yaani uliofanywa mwembamba pale mwisho ili punje zisitawanyike upesi, hutarajiwa kuingiza kama asilimia 70 ya punje hizo ndani ya duara kutoka yadi 40. Wangu uliingiza 149. Nililiandika hesabu hilo kwenye daftari, Mzee akalitazama, akasema, "Haya, sasa unajua bunduki yako inafanya nini. Wewe mwenyewe bado."

Maneno hayo niliyaelewa mwaka uliofuata, na yaliniumiza.

Ilikuwa jioni, pembeni ya bwawa lenye mafunjo. Bata mwitu alipita juu, peke yake, kushoto kwenda kulia. Nilimwona mkubwa, na kwa kuwa nilimwona mkubwa nikaamini yuko karibu. Nilifyatua. Aliyumba, bawa moja likalegea, akashuka kwa mshazari mpaka akazama kwenye mafunjo upande wa pili. Nilimtafuta mpaka giza likaingia, maji yakinifika mapajani, nikipasua mafunjo kwa mikono. Sikumpata. Nilirudi kesho yake alfajiri, sikumpata pia.

Mzee hakunigombeza. Aliniuliza nilikuwa nimesimama wapi na bata alikuwa juu ya nini. Tulikwenda pale, akanisimamisha, akatembea kuzunguka bwawa akihesabu kwa sauti. Kutoka nilipokuwa mpaka chini ya njia ya yule bata zilikuwa hatua 55. Tukarudi kwenye fremu, tukabandika karatasi mpya, tukaiweka hatua 55. Safari hii ndani ya duara kulikuwa na matundu 81. Mzee alikuwa amekata kipande cha boksi chenye umbo la bata, kichwa na bawa moja lililokunjwa. Akakiweka juu ya karatasi hapa na pale, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye makufuli mengi. Sehemu nyingine kilifunika matundu matano, nyingine mawili, na palikuwa na sehemu moja, karibu na katikati kabisa, ambapo kilifunika tundu moja tu. "Huyu wako alipata haya mawili," akaniambia. Hakuongeza neno.

Nimeishi na karatasi ile miaka zaidi ya 30 sasa, na ndiyo sababu mpaka leo naipenda bunduki ya risasi moja kuliko nyingine yoyote. Ningekuwa na bunduki inayojipakia yenyewe siku ile, ningefyatua mara tatu. Risasi ya pili ingemfuata bata akiwa hatua 65, ya tatu akiwa 75. Pengine angeanguka, na mimi ningejiona hodari. Nisingejua kamwe kwamba kosa lilifanyika kabla ya risasi ya kwanza, pale nilipokadiria umbali kwa tamaa. Kwenye mtutu mmoja hakuna pa kulificha kosa hilo. Uamuzi wote unafanyika kabla kidole hakijagusa kifyatulio: yuko umbali gani, anaelekea wapi, ataangukia wapi, nitampata? Ukishafyatua umemaliza.

Watu hunijibu kwamba risasi ya pili ni huruma, kwamba inamaliza mateso ya mnyama aliyejeruhiwa. Hoja hiyo naiheshimu, na mwindaji wa mtutu mmoja mwenye mazoezi hubana risasi moja kati ya vidole vya mkono wa kushoto, akakunja, akapakia na kufunga ndani ya sekunde chache. Lakini kwa niliyoyaona porini, risasi ya pili mara nyingi huenda kwa ndege yuleyule aliyekoswa, ambaye sasa yuko mbali zaidi. Hiyo si huruma.

Kwa asiyeijua, tusiichanganye na gobore. Gobore hushindiliwa baruti na marisau kwa kupitia mdomoni. Hii ninayoisema hukunjwa katikati. Unasukuma wenzo mdogo ulio juu au pembeni ya mwili wa bunduki, mtutu unainama kwenye bawaba, tundu la nyuma linafunuka, unatia risasi moja yenye ganda lake na fataki yake, unafunga. Ndani kuna chuma chache mno. Komeo linaloshika mtutu, nyundo, springi, pini inayogonga fataki, na kitu cha kulitoa ganda. Ondoa ubao wa mbele, ukunje mtutu, uuchomoe, na bunduki nzima iko mezani vipande vitatu. Unaisafisha kuanzia nyuma, jicho lako likiona mwanga mpaka mdomoni. Sijaona silaha nyingine ya kuwindia ambayo mtu anaweza kuielewa yote kwa jioni moja.

Unyenyekevu huo wa chuma una usalama wake. Ukiikunja na kuitundika mkononi, kila mtu aliye karibu anaona kwamba haina kitu. Huhitaji kuulizwa, huhitaji kuapa. Katika kundi la wawindaji watano wanaoruka mtaro au kupita chini ya waya, hilo ni jambo kubwa.

Ila usalama una sura mbili, na hapa niseme wazi maana nimeona watu wakizidanganya nafsi zao. Bunduki nyingi za zamani za aina hii zina nyundo ambayo ikishushwa hukaa moja kwa moja juu ya pini. Ikianguka ikagonga nyundo chini, inaweza kufyatuka. Zilizotengenezwa baadaye, kama zile za kampuni ya Marekani ya Harrington & Richardson za miaka ya mwisho, zina kipande cha chuma kinachoinuka kati ya nyundo na pini pale tu unapovuta kifyatulio. Ukiachia, kinashuka, na nyundo haiwezi kuifikia pini hata ikigongwa. Nikipata bunduki ngeni, jambo la kwanza, baada ya kuhakikisha haina risasi, ni kujua iko katika kundi lipi. Ikiwa ya kundi la kwanza, naitembeza imekunjwa. Sina mjadala katika hilo.

Halafu kuna hatari ya kuchanganya risasi, ambayo haihusu mtutu mmoja peke yake lakini ndiko nilikoiona. Namba ya geji ni hesabu ya tufe za madini ya risasi, zenye upana wa tundu la mtutu, zinazotimiza ratili moja. Kwa hiyo namba ikipanda, tundu linapungua: geji 12 ni kama milimita 18.5, geji 20 ni kama 15.6. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwenye geji 12 haikai nyuma; inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Ukivuta kifyatulio, kimya. Mtu anakunja, anachungulia kwa haraka, anaona tundu tupu, anatia risasi ya geji 12 nyuma yake. Mtutu unapasuka mahali mkono wa kushoto uliposhika. Ndiyo maana maganda ya geji 20 siku hizi hutiwa rangi ya njano. Mimi sichanganyi geji mbili kwenye mfuko mmoja wa koti, wala kwenye begi moja, hata nikiwa nakwenda kutoboa karatasi tu.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea ni kumpa mtoto bunduki hii kwa kuwa ni nyepesi na rahisi. Kweli ni nyepesi. Nyingi zina kilo mbili na nusu hadi tatu. Lakini uzito mdogo maana yake teke kali. Geji 12 ya mtutu mmoja yenye risasi nzito huniumiza bega mimi mtu mzima. Mtoto akipigwa nayo mara mbili ataanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo huchukua miaka kuondoka. Wengine hukimbilia .410, yenye tundu dogo kuliko geji zote hizi, kwa sababu haipigi teke. Hiyo nayo ina punje chache mno. Ni bunduki ya mtu aliyekwisha kuwa hodari, na anayejifunza atakosa na kujeruhi mpaka akate tamaa. Ningeshauri geji 20 yenye risasi nyepesi, kitako kilichokatwa kulingana na mkono wake, na mpira mnene nyuma ya kitako. Na kabla ya yote hayo, hakikisha kidole gumba chake kina nguvu za kuvuta nyundo nyuma na kuishusha polepole bila kuteleza. Kama hana, asubiri mwaka.

Kukusanya nilianza bila kukusudia. Baada ya Mzee kufariki, familia yake walinipa bunduki yake mwenyewe, Winchester Model 37, na nikataka kujua ilitoka wapi. Kumbe ilitengenezwa kuanzia 1936 hadi 1963, zaidi ya milioni moja, na hakuna hata moja iliyopigwa namba. Marekani ilikuja kulazimisha namba kwa bunduki zote kwa sheria ya mwaka 1968, miaka mitano baada ya hizi kusimama. Kwa hiyo mtu hawezi kuitaja umri wake kwa kusoma namba. Inabidi asome chuma chenyewe. Zile za mwanzo zilitiwa rangi nyekundu ndani ya herufi za jina chini ya mwili wa bunduki, na rangi hiyo ilifutika upesi kwa jasho la kiganja, maana ndipo mtu hushika anapotembea. Ukiiona bado ipo, bunduki hiyo haikutembezwa sana. Ya Mzee haina hata chembe. Na geji 28 kati ya hizo ni adimu kiasi kwamba nimeishika moja tu maishani, mikononi mwa mwenye nayo.

Jambo hili ndilo lililoniteka. Bunduki za kifahari za mitutu miwili zina vitabu vya viwandani, majina ya wachonga nakshi, risiti. Hizi ziliuzwa kwa watu wa mashamba, zikakaa nyuma ya mlango, zikanyeshewa, zikaungwa kwa skrubu na waya. Harrington & Richardson walianzisha kazi yao mwaka 1871 huko Worcester, Massachusetts; kampuni ilifungwa 1986, jina likafufuliwa 1991, na mwaka 2015 utengenezaji wa mitutu hiyo ya kukunja ukasimamishwa. Iver Johnson wa Fitchburg na Champion yao, Stevens wa Chicopee Falls, Cooey wa Canada na Model 84 yao, Baikal kutoka Izhevsk, Urusi, na IZh-18 ambayo nyundo yake imefichwa ndani: wote waliwatengenezea watu ambao hawakuweka kumbukumbu. Kumbukumbu iko kwenye bunduki. Nina Champion moja ambayo nyundo yake imelika upande mmoja tu, wa kushoto. Aliyeitumia alikuwa akiivuta kwa gumba la kushoto. Sijui zaidi ya hapo kumhusu, lakini kila nikiishika namjua kidogo.

Ndiyo maana kosa langu la pili kubwa bado linaniuma. Nilinunua Stevens ya zamani iliyokuwa na kutu ya kahawia, laini, imeenea sawasawa. Nikaona niisaidie. Nilisugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, nikakitia rangi mpya nyeusi ya dukani, nikakwangua mbao na kuipaka vanishi. Wiki mbili za kazi. Nilipomwonyesha mtu mzoefu alikaa kimya muda mrefu, kisha akapitisha ukucha mahali palipokuwa na maandishi ya kiwanda. Nilikuwa nimeyafuta nusu. Kingo kali za mwili wa bunduki nilikuwa nimezifanya duara kama sabuni. Hakuna wa kuyarudisha maandishi yale. Siku hizi natumia mafuta, kitambaa, na kwa kutu iliyoinuka tu, pamba laini ya chuma iliyolowa mafuta, kidogo kidogo, na mbao naipa mafuta ya kitani kwa kiganja. Nikiwa na shaka naacha.

Nikienda kununua, naanza na bawaba. Naondoa ubao wa mbele, maana springi yake inaweza kuficha ulegevu, naifunga bunduki, naushika mtutu na kuutikisa. Ukicheza, naangalia kama ni pini ya bawaba au ni komeo lililolika. Nilishawahi kuuziwa moja iliyobana kama mpya. Nilipofika nyumbani na kutoa ubao nikakuta mtu amebandika kipande cha kopo kwenye bawaba kuziba nafasi. Kisha nauelekeza mtutu dirishani na kutazama duara za mwanga ndani. Ziwe duara kamili, moja ndani ya nyingine. Zikiyumba mahali, hapo kuna jeraha. Geji 16 za zamani naangalia na urefu wa chumba cha risasi, kwa sababu kuna zilizotobolewa kwa risasi ya milimita 65, na ya leo ya milimita 70 huingia vizuri kabisa lakini ganda likifunguka linakosa nafasi, na shinikizo linapanda. Mitutu iliyosokotwa kwa fito za chuma, yenye mistari ya mawimbi, naitundika ukutani. Haikutengenezwa kwa baruti za kisasa. Na mbano kamili wa zamani siutilii marisau ya chuma, ambayo leo ndiyo hutumika zaidi kwa ndege wa majini, maana sehemu nyingi marisau ya madini ya risasi yamekatazwa kwa ndege hao. Marekani nzima imekuwa hivyo tangu 1991. Chuma hakiminyiki kama madini ya risasi, na mdomo mwembamba wa mtutu mkongwe hufura.

Nisije nikaeleweka kwamba mtutu mmoja ni wa masikini tu. Kwenye mchezo wa Kimarekani wa kulenga visahani, kila kisahani hupewa risasi moja, na kwa mchezo huo kampuni za Ithaca, Perazzi na Krieghoff zilitengeneza bunduki za mtutu mmoja za hali ya juu kabisa, yenye mbao za kupendeza na bei ya kutisha. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini sijawahi kuitamani moyoni.

Bunduki ya Mzee sasa anaitumia binti yangu, kwenye karatasi peke yake. Nilimpa sharti lilelile, na yeye, tofauti na mimi, hakuharakisha. Jumamosi iliyopita alifyatua karatasi ya nne kwa geji 20 hiyo, hatua 30. Alipiga magoti mbele ya fremu na penseli, ulimi umetokeza kidogo kwa umakini, akitia alama kila tundu. Hesabu ya kwanza ilimpa 138. Akafuta jasho, akaanza upya kutoka juu, akapata 141. Akaiandika pembeni, na umbali, na tarehe. Kisha akanikabidhi karatasi mpya.

"Baba, iweke hatua 45," akasema. "Nataka nione inapoanza kuachia."